Kakangu amependekezewa jaribio la awamu ya kwanza la dawa ya saratani. Tuulize nini kabla hajatia sahihi?

Bint Likoni (swali)

Assalamu alaykum, na heshima zangu kwa wakubwa na wadogo. Naandika kutoka Likoni kwa niaba ya familia. Kakangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 52, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, ana saratani ya utumbo mpana ambayo ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini. Alipasuliwa, akapewa kemotherapia ya fluorourasili pamoja na oksaliplatini mpaka vidole vya mikono na nyayo vikafa ganzi, kisha uvimbe ulipoanza kukua tena akabadilishiwa, akapewa irinotekani. Picha ya CT ya karibuni imeonyesha kwamba uvimbe wa ini umezidi na kwamba kuna vivimbe vipya mapafuni. Daktari wake alituketisha akatuambia bila ya kutuficha kwamba dawa hizi hazifui dafu tena mbele ya ugonjwa huu, lakini akaongeza kwamba kuna jaribio la awamu ya kwanza huko Nairobi, la vidonge vipya vya kemotherapia kwa watu wenye saratani za uvimbe zilizosambaa na kukataa tiba, na kwamba tukiridhia atamwandikia barua ya rufaa.

Nyumbani kauli si moja. Mjomba anasema kwamba mtu wetu hatafanywa panya wa maabara. Shangazi anaona kwamba dawa mpya bila shaka ina nguvu kuliko za zamani, la sivyo isingetengenezwa. Mimi ndiye ninayemuuguza na ndiye ninayesoma makaratasi, na bado sijaelewa jambo la msingi: jaribio hili linamtafutia yeye tiba, au linatafuta jambo jingine? Uwezekano wa uvimbe kupungua ni mkubwa kiasi gani, na wa kudhurika je? Nani hulipia dawa, vipimo na safari? Tena kuna mtu aliyeingia kwenye kundi letu la WhatsApp, anayejiita wakala wa hospitali ya ng'ambo, anayesema kwamba anaweza kumpatia kakangu "dawa ya majaribio" iwapo tutatanguliza shilingi laki tatu. Baadhi yetu wameanza kuulizia bei ya kiwanja cha familia, na ndiyo sababu naomba majibu ya wenye ujuzi kabla hatujafanya lolote.

Nesi wa Utafiti

Wa alaykumu s-salaam, dadangu, na pole sana kwa maradhi ya nduguyo. Mimi ni mwenyeji wa Changamwe na nimefanya kazi ya uuguzi katika majaribio ya dawa za saratani kwa muda mrefu. Nitaanza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka: kiwanja kisiuzwe, na huyo wakala asipewe hata senti. Katika jaribio la kweli mshiriki hanunui dawa inayojaribiwa. Mdhamini wa utafiti ndiye anayeitoa na ndiye anayegharimia vipimo vinavyofanywa kwa ajili ya utafiti, na kwa kawaida hurudisha nauli pia. Jaribio lolote la dawa linalofanywa Kenya lazima lipitishwe na kamati ya maadili ya utafiti, liidhinishwe na Bodi ya Famasia na Sumu, na lipate leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Majaribio huandikishwa pia kwenye madaftari yaliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni, kama vile daftari la Afrika nzima lenye makao yake Cape Town, au lile la Marekani linaloitwa ClinicalTrials.gov ambalo limekuwapo tangu mwaka 2000. Mwombeni huyo wakala nambari ya usajili na jina la kamati iliyolipitisha jaribio lake, na kwa mwenendo uliouelezea sitarajii kwamba atakuwa navyo.

Sasa nirudi kwenye swali lako la msingi, ambalo ndilo kila familia ingepaswa kuliuliza. Awamu ya kwanza hutafuta dozi. Dawa imekwisha kupimwa kwenye chembe za maabara na kwa wanyama, lakini bado haijulikani mwili wa binadamu unaistahimili kwa kiasi gani, na hilo ndilo jambo linalochunguzwa. Kwa dawa nyingi za kemotherapia, dozi ya kuanzia hukadiriwa kuwa sehemu moja ya kumi ya ile iliyowadhuru vibaya asilimia 10 ya panya. Wagonjwa watatu huipokea, na wakimaliza mzunguko wa kwanza, ambao mara nyingi ni wa siku 21 au 28, bila ya kupata madhara makali yaliyotajwa tangu mwanzo kuwa ndiyo kikomo, watatu wanaowafuata hupewa dozi kubwa zaidi. Akidhurika mmoja kati ya watatu, huongezwa wengine watatu kwa dozi ile ile. Wakidhurika wawili au zaidi, upandishaji husimama na watafiti hurudi kwenye dozi iliyo chini yake. Siku hizi iko mipango mingine ya hesabu, lakini huu wa watatu watatu ndio uliotumika zaidi kwa miongo mingi.

Kwa hiyo muulizeni daktari wa utafiti kama nduguyo ataingia katika kundi la mwanzo au la mwisho. Aliye katika makundi ya mwanzo huenda akapewa dozi ndogo mno isiyougusa ugonjwa, na aliye katika makundi ya mwisho huenda akapata dozi ambayo baadaye itaonekana kuwa imevuka mpaka. Jambo hili si siri, wala watafiti hawapaswi kuudhika mkiliuliza.

Kuhusu uwezekano, nitakupa hesabu kama zilivyo. Mwaka 2005 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 460 ya awamu ya kwanza yaliyodhaminiwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kati ya mwaka 1991 na 2002, yenye washiriki karibu 12,000. Kwa ujumla uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachohesabika, au ulitoweka, kwa asilimia 10.6 ya waliopimwa. Lakini yale majaribio ya dawa moja mpya ya kemotherapia peke yake, ambayo ndiyo yanayofanana na hili la nduguyo, yalipata asilimia 4.4 tu. Waliofariki kwa sababu ya dawa katika majaribio yote walikuwa asilimia 0.49, yaani karibu mtu mmoja katika kila mia mbili. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, uliohusu majaribio ya kuanzia 2000 hadi 2019, ulikuta asilimia 12.2 kwa jumla, ikipanda hadi 18 katika miaka ya mwisho, na vifo vya asilimia 0.7; ongezeko hilo limekwenda sambamba na kuja kwa dawa zinazolenga kasoro maalumu za chembe na zile zinazoamsha kinga ya mwili. Tena fahamu kwamba "kupungua" hapa kuna kipimo chake: vipenyo vya vivimbe vilivyochaguliwa hujumlishwa, na jumla hiyo ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi huhesabiwa kuwa dawa imefanya kazi. Ni jambo la kushukuriwa likitokea, lakini si kupona, na mara nyingi halidumu.

Shangazi yako kwa hiyo amekosea kwa nia njema kabisa, na si yeye peke yake, kwani hata watu waliosoma sana husikia neno "jaribio" wakaelewa "tiba". Anayeingia awamu hii aingie akijua kwamba faida iliyo ya hakika ni ya elimu itakayowafaa wagonjwa wa baadaye, na kwamba faida yake mwenyewe inawezekana lakini ni ndogo.

Mwisho, huenda asipokelewe. Watafutwao ni watu ambao bado wanaweza kutembea na kujihudumia, ambao figo na ini vinafanya kazi vizuri, ambao daktari anawatarajia kuishi angalau wiki 12, na ambao wamepumzika kutoka kwenye dawa ya mwisho kwa muda wa kutosha, mara nyingi wiki nne. Ganzi ya vidole iliyobaki kutokana na oksaliplatini nayo hupimwa, na ikiwa bado ni kali humzuia mtu. Kwa mgonjwa ambaye ini lake limeshambuliwa, kipimo cha damu cha bilirubini, kinachoonyesha kama ini linafanya kazi vizuri, ndicho kinachowakatisha wengi tamaa siku ya uchunguzi, kwa hiyo jiandaeni kwa jibu hilo pia.

Mzee wa Kuze

Mwanangu, mjomba wako asidharauliwe. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto walipewa dawa iliyokuwa katika majaribio, na wazazi wakalalamika kwamba hawakuelezwa hivyo; kesi zilivutana kwa miaka mingi mpaka yakafikiwa maafikiano na serikali ya jimbo mwaka 2009. Hofu ya watu wetu haikuzuka bure. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kuuliza na kusoma. Dai fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili, ni haki yake, na ikiwa mgonjwa hawezi kusoma lazima awepo shahidi asiye mtu wa utafiti wakati anaposomewa. Fomu ichukuliwe nyumbani ilale, isitiwe sahihi siku ile ile. Tena nimesoma maneno ya mjomba, ya shangazi na yako. Yeye mwenyewe kakako anasemaje?

Mama wa Kibokoni

Dada, marehemu mume wangu alikuwa na saratani ya tumbo na aliingia katika jaribio la namna hii, mbali na nyumbani. Sitasema ni wapi. Nitakueleza yale ambayo fomu inayataja kwa mstari mmoja tu lakini nyumbani yanakuwa ndiyo maisha.

Mzunguko wa kwanza ndio mzito kuliko yote. Siku ya kwanza hutolewa damu kabla ya dawa, kisha baada ya nusu saa, baada ya saa moja, mbili, nne, nane, na kesho yake tena, kwa sababu wanataka kujua dawa inapanda vipi mwilini na inatoka kwa muda gani. Baadaye ni kurudi kila wiki. Kwa mtu wa Likoni hiyo ina maana ya kuvuka feri alfajiri, kufika Miritini kuwahi treni, kulala Nairobi, na kurudi akiwa amechoka, naye ni mgonjwa ambaye labda hawezi kukaa kitako kwa saa tano bila ya maumivu. Ulizeni kama wanagharimia malazi yake na ya mtu wa kumsindikiza, maana kuna wanaomlipia mgonjwa peke yake, na mgonjwa wa kemotherapia hapaswi kusafiri peke yake hata kidogo.

Jambo la pili ni homa. Chembe nyeupe za damu hushuka kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kemotherapia, na wakati huo joto la nyuzi 38 si jambo la kumeza panadoli na kusubiri asubuhi. Ni la kwenda hospitali saa ile ile akapimwe damu na kuanzishiwa antibiotiki ya mshipa. Mume wangu alipopata homa tulikuwa tumekwisha kurudi Mombasa, na daktari wa zamu tuliyemkuta hakujua dawa aliyokuwa anatumia ni kitu gani, wala sisi hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tulipoteza muda mwingi sana mpaka mtu wa utafiti akapatikana kwa simu. Basi kabla ya dozi ya kwanza pateni kadi yenye jina la dawa, nambari ya jaribio na simu inayopokelewa usiku na mchana, mkaiache nakala kwa daktari wenu wa hapa. Nanyi mnaokaa ng'ambo ya kivuko, amueni mapema kama saa nane za usiku mtavuka kwa feri au mtazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na gari la nani litatumika.

Baada ya mizunguko miwili wakampiga picha, uvimbe ulikuwa umekua, akatolewa. Hiyo ndiyo kanuni: jumla ya vipenyo ikizidi kwa asilimia 20, au vikitokea vivimbe vipya, dawa husimamishwa. Hakujuta, na mimi sijuti. Lakini siku ile alitoka pale kama mtu aliyeachishwa kazi, kwa sababu wale wauguzi waliokuwa wakimpigia simu kila wiki hawakuwa tena wauguzi wake. Ulizeni tangu sasa ni nani atakayempokea siku hiyo ikifika.

Mfamasia wa Tudor

Nashukuru kwa maelezo yaliyotangulia. Ninayo machache ya kuongeza, na la kwanza ni la kufanywa kabla hata ya kuzungumzia jaribio. Dada, muulize daktari kama kile kipande cha uvimbe kilichotolewa wakati wa upasuaji kilipimwa protini zinazorekebisha makosa ya jeni. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa ambao wana upungufu wa protini hizo ni wachache, takriban watano katika kila mia, lakini kwao ipo dawa ya kuamsha kinga ya mwili iitwayo pembrolizumabu ambayo tangu mwaka 2020 imekubaliwa Marekani hata kama tiba ya kwanza, na baadhi yao hukaa na nafuu kwa miaka. Kipimo hufanywa kwenye kile kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa maabara. Vilevile uliza kuhusu vidonge vya regorafenibu na vile vya trifluridini na tipirasili, vilivyokubaliwa huko mwaka 2012 na 2015 kwa watu waliokwisha kutumia dawa alizotumia kakako. Faida yake ni ya kurefusha maisha kwa muda mfupi, na bei ni kubwa, lakini ni haki ya mgonjwa kujua kwamba vipo kabla ya kuambiwa kwamba hakuna kilichobaki ila jaribio.

La pili ni kwa ajili ya mjomba. Ile irinotekani aliyoitumia kakako ina historia inayohusu mada hii moja kwa moja. Wanasayansi wawili waliofanya kazi Marekani, Monroe Wall na Mansukh Wani, walitoa kiini chake, kamptothesini, kwenye mti wa Kichina, wakatangaza mwaka 1966. Kilipojaribiwa kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiliwatoa watu damu kwenye kibofu na kuwaangusha chembe za damu, na majaribio yakaachwa. Ni baada ya mwaka 1985, ilipogunduliwa ni kimeng'enya gani, yaani protini inayoendesha kazi ndani ya chembe, kinachoshambuliwa na dawa hiyo, ndipo hamu ya utafiti iliporudi kwa nguvu. Irinotekani, iliyotengenezwa Japani, ikajaribiwa kwa dozi ndogo ndogo, na kukubaliwa Marekani mwaka 1996. Kila mgonjwa aliyepata nafuu ya miezi kadhaa kwa dawa hiyo, akiwemo kakako kama alipata, ameipata kupitia kwa watu wasiojulikana majina ambao walikubali kuwa wa kwanza, na baadhi yao waliumia.

Naamini pia kwamba majaribio haya yanastahili kufanywa kwetu, na nalisema hili nikiwa na hisia kali. Irinotekani huondolewa mwilini na kimeng'enya ambacho jeni yake hutofautiana kati ya watu. Aina dhaifu ya jeni hiyo, ambayo humfanya mtu aharishe vibaya na kuporomoka chembe nyeupe, ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa watu wa Asia ya Mashariki. Dozi iliyopatikana kwa kuwapima watu wa mahali pengine haiwi lazima ndiyo dozi ya mtu wa Kisauni au Kwale. Mjomba anahofia tutatumiwa, na ana sababu. Mimi ninahofia pia tusije tukaachwa nje, kisha tuletewe dawa ambazo hakuna aliyepima jinsi miili yetu inavyozipokea.

La mwisho ni mitishamba. Naomba mtaje kila kitu anachokunywa: mwarobaini, shubiri, habasoda, mchanganyiko wa asali wa dukani Marikiti, hata juisi ya balungi. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, hivyo dozi ndogo huweza kugeuka kubwa ndani ya damu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake. Katika jaribio ambalo kazi yake yote ni kupima dozi, kificho cha namna hii humhatarisha mgonjwa mwenyewe na huharibu hesabu ya kundi zima.

Bint Likoni

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Wakala tumemwomba nambari ya usajili, akatoka kwenye kundi bila ya kuaga. Daktari amekubali kuomba kile kipimo cha protini, na tunasubiri majibu.

Mzee wa Kuze, swali lako lilinitia haya kidogo, kwa sababu ni kweli tulikuwa tukizungumza juu yake sebuleni naye yuko chumbani anasikia. Nilimsomea majibu yenu yote, pamoja na ile asilimia nne. Alinyamaza, kisha akasema kwamba ameshughulika na makaratasi ya mizigo maisha yake yote na hii fomu ataisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Hana kinyongo na elimu itakayopatikana kwake kuwafaa wengine. Anachotaka ni kwamba siku atakayoshindwa kwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe, aruhusiwe kuacha bila ya kubembelezwa na mtu yeyote, na hataki kufia Nairobi. Mjomba alikuwepo na hakusema neno.

Ana maswali matatu. Akiingia, bado anaweza kupata mofini, maana maumivu ya ini yanamnyima usingizi? Akiacha katikati, damu na nyama walizochukua zitakuwaje? Na Ramadhani ikiingia akiwa kwenye vidonge, atafanyaje?

Mhudumu wa Hospisi

Nijibu la maumivu. Kuingia kwenye jaribio hakumzuii mgonjwa kupata mofini, wala hakumwondoi mikononi mwa watu wa tiba shufaa, yaani ile ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa. Mwambieni tu mtafiti dozi anayotumia, kwa kuwa kufunga choo na kichefuchefu huenda vikahesabiwa kuwa ni vya dawa mpya. Nawasihi msisubiri jaribio limalizike ndipo mje kwetu. Utafiti uliofanywa Boston na kuchapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba waliounganishwa na tiba shufaa mapema, sambamba na kemotherapia, waliishi vizuri zaidi na pia kwa muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa wastani wa kati, dhidi ya 8.9 ya wenzao. Wengi hapa Mombasa huletwa kwetu wakiwa wamebakiwa na siku chache, kwa sababu familia hudhani kwamba kutaja hospisi ni kumkatia mtu tamaa.

Mlete sasa, akiwa bado anatembea. Tutapanga dozi ya mofini ya mchana na ya usiku, tutaandika wazi kwamba anataka kuwa nyumbani, na nakala ya maandishi hayo atakwenda nayo Nairobi. Hapo ndipo lilipo pia jibu la lile swali la Mama wa Kibokoni, la nani atakayempokea, kwa maana siku akitolewa kwenye jaribio atakuwa anarudi kwa watu wanaomjua.

Nesi wa Utafiti

Mpe kakako salamu zangu. Nimewasomea fomu watu wengi, na wanaouliza kama yeye ndio ambao ridhaa yao huniachia utulivu.

Anaweza kuacha siku yoyote, kwa sababu yoyote au bila ya kutoa sababu, na haki yake ya kutibiwa kwa njia za kawaida haipungui. Wataomba arudi mara moja kuangaliwa usalama wake, mara nyingi mnamo siku 30 baada ya dozi ya mwisho, na ningemshauri akubali kwa faida yake mwenyewe. Ikiwa hawezi kusafiri, aulize kama kipimo hicho kinaweza kufanywa Mombasa na matokeo yakatumwa. Taarifa zilizokwisha kukusanywa kabla ya kuacha hubaki kwenye hesabu. Sampuli zilizosalia za damu na nyama anaweza kuomba ziharibiwe, ila zilizokwisha kupimwa haziwezi kurudishwa nyuma. Atafute katika fomu kifungu cha uhifadhi wa sampuli, kinachosema zitakaa wapi, kwa miaka mingapi, na kama zitapelekwa nje ya nchi. Mara nyingi kifungu hicho kina kisanduku chake cha kukubali au kukataa, na anaweza kukataa hapo na bado akashiriki katika yaliyobaki. Aangalie vilevile kifungu cha bima, kinachoeleza nani atamtibu na kwa gharama ya nani iwapo dawa itamdhuru.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa wa hali yake ana ruhusa ya kutofunga, na imamu wake atamwambia hivyo hivyo. Kwa upande wa utafiti, vidonge vingi humezwa saa ile ile kila siku, vingine tumbo likiwa tupu na vingine baada ya chakula, na kemotherapia inayoharisha au kutapisha hudai maji mengi mchana kutwa, la sivyo figo huumia. Asijaribu kusogeza saa za dawa ziwe futari na daku bila ya kumuuliza daktari wa utafiti.

Atapewa daftari dogo la kuandika kila dozi. Aandike saa aliyomeza, si saa aliyotakiwa kumeza. Akikitapika kidonge, kwa kawaida hakirudiwi: aandike ametapika saa ngapi, asubiri dozi inayofuata, na apige ile simu ya kwenye kadi. Chupa asizitupe hata zikiisha, azirudishe zote pamoja na vidonge vilivyobaki, kwani vitahesabiwa mbele yake.